Namba Kumi na Saba na Sufuria Moja

Mji mzima ulimjua kwa jina la Mama Sentimita, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi matupu. Mwuzie kitambaa cha mita mbili, atakipima tena mbele yako kwa utepe wake mwenyewe. Mwambie utafika saa nne, na saa nne na dakika tano atakuuliza umepatwa na nini. Mumewe, fundi saa mwenye kibanda pembeni ya posta, alikuwa akiwatania wateja kwamba hata saa zote za mji zikisimama yeye hana wasiwasi, maana mkewe akifunga mlango wa nyumba ni saa kumi na mbili kasoro robo, inyeshe isinyeshe.

Alikuwa anakwenda mtoni, kusoma kipimo. Pale ukingoni, chini ya ngazi kumi na nne za saruji, kulisimama ubao mrefu wa chuma uliochorwa mistari na namba, nusu majini nusu hewani. Kila siku ya Mungu, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, alishuka, akaangalia maji yamefika namba gani, akapanda kuandika. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja: meza, kiti chenye mto alioushona mwenyewe, dirisha linaloutazama mto, na kabati la chuma lenye mlango unaolia kama paka aliyekanyagwa. Ndani ya kabati mlipangwa madaftari makubwa hamsini na mawili, mawili kwa kila mwaka, miaka ishirini na sita kamili. Ilikuwa imebaki miezi minne astaafu.

Kila ukurasa ulikuwa na safu nne: tarehe, saa, sentimita, na ile ya mwisho iliyoandikwa juu yake "Maelezo". Wasomaji wengine wa mto ule, huko juu na huko chini, waliandika hapo "kawaida", au hawakuandika kitu. Mama Sentimita aliandika. "Maji ya kahawia, magogo mawili." "Ukungu, nimesubiri mpaka namba ionekane." "Ng'ombe wa watu kavuka peke yake, kafika salama." "Leo mto unanuka udongo mpya." Na nani alisoma? Hakuna. Makao makuu walinakili namba peke yake, wakazichapa kwenye majedwali, wakayapeleka wanakoyapeleka. Yeye hakujali. Alisema namba inakwambia mto umefika wapi, maelezo yanakwambia kwamba mtu alikuwepo.

Sasa, mto wenyewe haukuwa mto wa kuogea tu. Ulikuwa mpaka. Ng'ambo ile ilikuwa nchi nyingine, yenye bendera yake na polisi wake na mihuri yake. Na mpaka haukuchorwa kwa waya wala kwa jiwe. Nchi hizi mbili zilikubaliana zamani, kwa maandishi na saini, kwamba mpaka unafuata mkondo mkuu, yaani pale maji yanapopita yakiwa na kina kirefu kuliko kwingine. Mtu anaweza kuuliza: je, mto ukihama? Waliofikiria hilo hawakuwa wajinga. Waliandika kwamba mto ukisogea kidogo kidogo, leo unamega udongo huku, kesho unaumwaga kule, basi mpaka unasogea nao. Lakini mto ukiruka kwa mara moja, ukaacha njia yake na kujikatia nyingine, mpaka hauruki. Unabaki pale pale kwenye njia ya zamani, hata kama imebaki matope na vyura.

Ilikuwa karatasi iliyolala kwenye mafaili, mpaka mwaka juzi ulipokuja na mvua zake.

Chini kidogo ya ofisi ya kipimo, mto ulikuwa unapiga kona kubwa. Unakwenda kule, unazunguka, unarudi karibu ulikotoka. Ndani ya kona hiyo palikuwa na nyumba arobaini, mashamba ya mboga, mashine moja ya kusaga, na kibanda cha msusi. Msusi huyo ndiye mdogo wake Mama Sentimita, kitinda mimba wa mama yao, mwanamke wa maneno mengi na mikono myepesi. Kwenda konani ulikuwa unatembea nusu saa kwa miguu, kwenye njia kavu kati ya mto unaokwenda na mto unaorudi. Mvua zile zilipokwisha, njia hiyo haikuwepo. Mto ulikuwa umekata mkato, unapita palepale watu walipokuwa wakipita na baiskeli. Kona ya zamani ilikuwa inakauka, na nyumba arobaini zilikuwa zimejikuta upande wa pili wa maji marefu.

Haukupita muda, nchi ya ng'ambo ikaleta wapimaji wenye miamvuli na vyombo vya miguu mitatu. Wakasema mkondo mkuu uko hapa, mpaka uko hapa, na kona ni yetu.

"Dada, mimi nilale raia wa huku niamke raia wa kule?" alifoka yule msusi. "Hata nguo sijabadilisha!"

Pakaundwa baraza la kuamua: wajumbe wawili huku, wawili kule, na mwenyekiti mzee kutoka nchi ya mbali isiyo na kona wala mto nasi. Na swali likawa moja tu, kila mtu mjini akawa analiimba kama wakili: mto ulisogea au uliruka?

Picha za kutoka angani zilionyesha mawingu matupu, wiki mbili nzima. Watu wa konani walisema uliruka, Jumatatu ile, mchana kweupe, wakiuona kwa macho yao. Lakini hao ndio wenye mashamba. Wangesema nini kingine? Ilibaki kipimo.

Wakili wa serikali alifika siku ya Alhamisi, msichana wa miaka thelathini hivi, viatu vyake tayari vimeshakula matope. Alimwamkia vizuri, akakaa kwenye kile kiti chenye mto, akatoa majedwali yaliyochapwa. Mama Sentimita alikuwa amemtengea chai, na moyoni alikuwa amejaa. Miaka ishirini na sita hatimaye mtu amekuja kuuliza!

"Mama," alisema wakili, "nitakuwa mkweli kwako. Namba zako zinatumaliza."

"Zinatumaliza vipi?"

"Tazama. Jumatatu asubuhi maji yako mia nne na kumi na mbili. Jioni mia tatu tisini na sita. Kesho yake mia tatu themanini. Kumi na sita, kumi na sita, mpaka Jumatano ya wiki ya pili, mia moja ishirini na nne. Kama mto uliruka, maji yaliyokuwa yamejaa juu ya kona yangeporomoka siku ile ile. Hapa yanashuka taratibu kwa siku tisa. Wakili wa ng'ambo anayo majedwali haya. Atasimama aseme: kwa namba zenu wenyewe, mto ulisogea kidogo kidogo. Na nina mlima wa karatasi zake nyingine, mpaka kitabu cha boti ya uokoaji kakileta, eti kuonyesha wao ndio waliowahudumia watu wa konani. Lakini hayo yote si kitu. Kinachotuua ni hizi namba."

Mama Sentimita aliweka kikombe chini.

Maana namba zile kumi na saba, kuanzia ile ya Jumatatu jioni mpaka ile ya Jumanne ya pili jioni, hakuzisoma. Alizitunga.

Nikwambie ilivyokuwa, maana usipoijua utamhukumu bure. Jumatatu ile asubuhi alisoma mia nne na kumi na mbili, maji hayajawahi kufika hapo tangu azaliwe. Akaandika. Halafu, badala ya kukaa ofisini kama mtu mwenye akili zake, akaenda konani kudai sufuria. Ndiyo, sufuria. Ile kubwa ya harusi yake, ambayo mdogo wake aliiazima kwa siku mbili na wiki sita zilikuwa zimepita. Walikuwa wamenuniana kwa ajili hiyo. Akasema, maji yakizidi, sufuria yangu itakwenda na mafuriko na huyu atanicheka. Akatembea kwa miguu kwenye njia kavu, akafika, wakagombana mpaka wakachoka, wakala. Saa nane mchana wakasikia kishindo kama lori linamwaga kokoto. Wakatoka. Njia aliyoijia haikuwepo tena.

Alikaa huko mpaka Jumatano ya wiki ya pili. Kila saa kumi na mbili alisimama ukingoni, akatazama upande wa ofisi yake, akakosa raha kama mama aliyesahau mtoto sokoni. Boti ya kwanza iliyothubutu kupita ilikuwa ya uokoaji, kutoka ng'ambo, nayo ilikuja alfajiri ya Jumatano hiyo. Nahodha wake alikuwa mzee wa kofia ya sufu, na alikuwa na kitabu kwenye mfuko wa nailoni. Kila abiria alimwandika kabla hajamruhusu kuketi.

"Wewe nani?" alimwuliza.

"Msomaji wa kipimo cha maji, upande ule."

"Umekwama tangu lini?"

"Tangu Jumatatu ya wiki iliyopita, mchana. Baba, niandike haraka, nina kazi saa kumi na mbili!"

"Na hicho kichwani?"

"Sufuria."

"Kubwa au ndogo?"

Akamtazama mzee yule kwa mshangao, halafu kwa heshima. Huyu ni mwenzangu, alijisemea. Kubwa, akamjibu, na mzee akaandika.

Alishuka zile ngazi kumi na nne saa kumi na mbili kasoro dakika tatu, sufuria bado iko kichwani. Mia moja ishirini na nne. Akaiandika. Juu yake palikuwa na mistari kumi na saba mitupu, inamkodolea macho.

Na makao makuu walikuwa na amri moja waliyoipenda kuliko zote: daftari lisiwe na nafasi wazi. Msomaji mmoja wa huko chini aliacha mistari mitatu, akamwaga unga, kazi ikaisha hivyo hivyo. Wasomaji wote walijua dawa yake, ingawa hakuna aliyeifundisha kwa sauti: unachukua namba ya mwanzo na namba ya mwisho, unagawanya, unajaza. Mama Sentimita alikuwa hajawahi. Alitoa mia moja ishirini na nne kwenye mia nne na kumi na mbili, akapata mia mbili themanini na nane, akagawa kwa kumi na nane, ikatoka kumi na sita bila baki. Alimshukuru Mungu hata kwa hilo, jinsi lilivyokubali. Akajaza. Watu walijua kwamba yeye alikwama. Mafuriko yaliwakwamisha wengi. Kwamba daftari lake halikukwama, hilo hakulijua hata mumewe.

"Mama?" wakili alikuwa anamtazama. "Unajisikia vibaya?"

"Najisikia vibaya sana, mwanangu," alisema. "Njoo kesho asubuhi. Leo siwezi kusema vizuri."

Nyumbani alimkuta mumewe na kioo cha jicho moja, anachokonoa saa ya mtu. Akamwambia yote, amesimama, mkoba bado uko begani. Fundi saa alitoa kile kioo taratibu.

"Yaani wewe," alisema, "wewe uliyenirudisha sokoni kwa sababu ya gramu hamsini za vitunguu, umetunga namba kumi na saba?"

"Cheka tu."

"Sicheki. Nastaajabu." Kisha akauliza, "Ukinyamaza?"

"Kona inakwenda. Mdogo wangu anakwenda."

"Na ukisema?"

"Watasema mwanamke huyu ni mwongo, madaftari yake yote hamsini na mawili ni uongo, na kona inaweza kwenda vilevile. Na mimi naondoka kwa aibu, miezi minne kabla ya siku yangu. Watu watanicheka mpaka kaburini."

Fundi saa aliiweka ile saa kwenye kitambaa. "Saa iliyokosea," alisema, "ukijua imekosea dakika ngapi, bado unaweza kusafiri nayo. Mbaya ni ile usiyoijua."

Maneno ya kibandani hayo, alikuwa anawaambia wateja wanaokataa kulipia ukarabati. Lakini mkewe aliyachukua, akaenda nayo chumbani, akalala nayo. Alfajiri alipiga moyo konde. Alipofika ofisini alifungua kabati, akavuta daftari la mwaka juzi, akafungua ukurasa ule ambao hakuwa ameutazama tangu siku hiyo. Halafu akacheka peke yake, mara moja, kwa nguvu, kama mtu aliyekuta miwani yake iko juu ya kichwa chake.

Wakili alipokuja, Mama Sentimita alikiri kwake moja kwa moja. Msichana wa watu alishika kichwa.

"Mama, wakishajua umetunga kumi na saba, watauliza kwa nini tuamini maelfu yale mengine!"

"Waulize. Wewe niite tu. Nitawajibu mwenyewe."

"Utajibu nini?"

"Ukweli, mwanangu. Umechelewa, lakini upo."

Baraza lilikaa kwenye ukumbi wa shule ya ualimu, kwenye meza ndefu zilizotandikwa vitambaa vya kijani, magilasi yamefunikwa kwa vikaratasi, feni moja inazunguka na nyingine imekataa. Nyuma walikaa watu: wa mjini, wa konani, wa ng'ambo. Yule msusi alikaa safu ya pili, amejitanda kitambaa kipya, anatafuna kucha. Dada yake hakuwa amemwambia kitu. Alikuwa amekuja akijua kwamba dada anakuja kuwaokoa kwa namba zake.

Mama Sentimita alikula kiapo, akaketi, akauweka mkoba mapajani. Wakili wa serikali alimwuliza swali moja tu: namba za siku zile tisa, alizisoma mwenyewe?

"Hapana. Ya Jumatatu asubuhi niliisoma. Ya Jumatano ya pili asubuhi niliisoma. Kumi na saba za katikati nilizitunga, kwa kugawanya. Sikuwepo."

Ukumbi ukavuma. Msusi alisimama nusu, akavutwa akaketi. Mwenyekiti aligonga meza kwa kalamu yake mpaka kukatulia. Aliposikia jibu lile, wakili wa ng'ambo, bwana mnene mwenye sauti tamu, alisimama akifunga vifungo vya koti.

"Mama, pole na hongera kwa ujasiri," alisema. "Ulikuwa wapi?"

"Konani."

"Kazi gani iliyokupeleka konani, mto ukiwa umejaa kuliko siku zote?"

Hapo ndipo palipokuwa pazito kuliko kiapo. "Nilifuata sufuria yangu."

Walivunjika mbavu. Wa mjini, wa ng'ambo, hata karani wa baraza aliinamia karatasi mabega yakimtikisika. Mama Sentimita alikaa wima, uso mkavu, akasubiri wamalize, maana watu wakicheka hawasikii, na yeye alitaka wasikie.

"Kwa hiyo," alisema yule wakili, bado anafuta macho, "tuna shahidi aliyeacha kazi kwa ajili ya sufuria, akaghushi daftari la serikali. Waheshimiwa, mtu anayetunga kumi na saba, tumwamini kwenye ngapi?"

"Kwenye zote zilizobaki," alijibu Mama Sentimita. "Naomba daftari langu. Si majedwali. Daftari."

Likaletwa. Akalifungua juu ya kitambaa cha kijani, akaligeuza liwaelekee wajumbe.

"Safu hii ya mwisho ni ya maelezo. Hakuna mtu aliyewahi kuisoma, ila leo naomba muisome. Jumatatu asubuhi nimeandika: 'Maji yamefunika ngazi ya tisa, povu jeupe, mti mzima umepita na ndege juu yake.' Mnaona? Sasa shukeni chini. Mistari kumi na saba. Kuna nini?"

Mwenyekiti alivaa miwani. "Hakuna kitu."

"Hakuna. Halafu Jumatano: 'Maji yamekimbia, samaki wadogo kwenye ngazi, matope mapya.' Fungueni mwaka wowote kati ya ishirini na sita. Mkikuta mstari mwingine mmoja wenye namba usio na maelezo, nivueni nguo ya kazi hapa hapa. Namba niliziweza, waheshimiwa, mtoto wa darasa la tano anaziweza. Lakini nilishindwa kuandika nilichokiona, kwa sababu sikuona. Mkono ulikataa. Sikujua kama ulikataa mpaka wiki hii nilipoufungua ukurasa."

Hakuna aliyecheka sasa. Wajumbe walianza kupekua, wawili wa huku na wawili wa kule, vichwa vimekaribiana. Walipekua kwa muda mrefu sana. Madaftari mengine yaliletwa, yakafunguliwa bila mpangilio. Mjumbe mmoja wa ng'ambo alisoma kitu akatabasamu. Labda alikuwa yule ng'ombe.

"Tukubali kwamba hukuwepo," wakili wa ng'ambo alisema, na utamu ulikuwa umepungua kwenye sauti. "Basi daftari liko kimya. Halisemi mto uliruka wala ulisogea."

"Mimi nasema. Jumatatu asubuhi nimesoma kipimo, nikatembea mpaka konani kwa miguu, viatu vikavu. Saa nane mchana sikuweza kurudi. Sikukosa kazi kwa siku tisa kwa kupenda, bwana. Nilikosa kwa sababu mto ulipita kati yangu na kazi yangu. Ungekuwa umesogea kidogo kidogo, si ningevuka Jumanne nikilowa magoti? Kutokuwepo kwangu ndiko kuruka kwenyewe."

"Hayo unayasema leo, Mama, na dada yako... samahani, mdogo wako anaishi konani. Anayetunga namba anaweza kutunga na sufuria."

Kitabu cha yule nahodha hakuwa amekiona tangu alfajiri ile, wala hakumwambia hata wakili wake. Alikuwa na kitu kimoja tu cha kutegemea: uso wa mzee wa kofia ya sufu, anavyouliza kubwa au ndogo. Mtu wa namna ile haachi mstari.

"Sufuria sikuitunga," alisema. "Imo kwenye kitabu chenu. Kile cha boti ya uokoaji, mlichokileta wenyewe. Jumatano, safari ya kwanza, alfajiri."

Ikawa kama feni nayo imesimama. Wakili wa ng'ambo aligeukia mlima wake wa karatasi. Watu wake walikuwa wamehesabu mistari ya kitabu kile, ili waseme wamevusha watu mia mbili na kumi na mmoja, kusoma hawakusoma. Mwenyekiti alisema kwa upole, "Tusomee, tafadhali." Wakili akafunua. Akapata. Alikaa akiutazama ukurasa muda mrefu kuliko unavyohitaji mistari miwili.

"'Mwanamke mmoja,'" alisoma. "'Msomaji wa kipimo wa upande wa pili. Amekwama tangu Jumatatu ya wiki iliyopita, mchana, njia ilipokatika. Ana haraka ya kazi.'" Akanyamaza.

"Endelea," alisema mwenyekiti.

"'Sufuria moja. Kubwa.'"

Hapo ndipo msusi wa konani alipoangua kilio, kwa sauti, bila aibu, na kofia moja ya sufu huko nyuma, upande wa watu wa ng'ambo, ikainamishwa kidogo. Mama Sentimita aliiona. Aliinamisha kichwa naye.

Uamuzi ulitoka baada ya wiki tano. Mto uliruka, mpaka unabaki kwenye kona ya zamani, na boti za pande zote mbili zitapita bila kuzuiwa. Nyumba arobaini zililala raia wa huku zikaamka raia wa huku. Makao makuu nao walileta barua yao ya karipio kali, yenye mihuri miwili, kwa kosa la kujaza namba ambazo hazikusomwa. Mama Sentimita aliisoma yote, akatia saini, akasema ni haki yake. Mumewe alitaka kuiweka kwenye fremu.

Baraza liliagiza daftari lisahihishwe kabla ya kurudishwa kabatini. Siku yake ya mwisho kazini, baada ya kusoma kipimo cha jioni, aliufungua ule ukurasa, akapiga mstari mmoja mwembamba juu ya kila namba katika zile kumi na saba, zisomeke lakini zisihesabiwe. Halafu akaanza kujaza safu ya maelezo. "Sikuwepo." Mstari unaofuata, "Sikuwepo." Aliandika kumi na sita hivyo, kwa mwandiko ule ule wa miaka ishirini na sita, bila kuruka.

Kwenye wa kumi na saba, ule wa Jumanne jioni, kalamu ilisimama. Alikumbuka alivyokuwa saa ile hasa: amesimama ukingoni konani, mdogo wake amekuja nyuma yake kimya kimya, amemwekea ile sufuria miguuni, imesuguliwa mpaka inang'aa, akasema, "Basi dada, chukua, tusinuniane tena." Hilo aliliona. Hilo hakuna aliyemwambia.

Akaandika: "Sikuwepo kipimoni. Nilikuwa nyumbani kwa mdogo wangu, nchi yetu."